Kwa Selemani, Mjumbe wa Kamati ya Maji Aliyeko Makaburini

Mtani wangu Selemani,

Sikuulizi hali. Nilikuwa mmoja wa watatu tulioingia shimoni kukupokea, nikakushika upande wa kichwa, kwa hiyo kitanda chako nakijua. Wala usiniambie pamebana. Ulipokuwa hai ulilala kwenye kitanda cha kamba miguu ikining'inia nje na hukulalamika.

Nimeshika kalamu kwa sababu nina habari ya kukufurahisha. Yule mtendaji wa kijiji chetu, bwana mwenye muhuri kwenye mfuko wa shati, nimempata. Tena nimempata vizuri, na bado sijashiba. Uvumilie mwandiko. Mimi ni wa darasa la nne na nusu, na ile nusu iliyobaki unajua aliyenikosesha ni wewe, ulipopaka upupu kwenye kiti cha mwalimu ukasema ni mimi, Dadi. Hilo nalo sijakusamehe, lakini foleni ya visasi ni ndefu, zamu yako haijafika.

Nianze na siku yako, maana wewe ulikuwepo lakini hukusikia.

Koo zetu unazijua. Babu yako na babu yangu walituachia utani kama wengine wanavyoachiwa shamba. Akifa mtu wa kwenu, msiba ni wetu: tunazuia jeneza njiani, tunavaa nguo za marehemu, tunamsema mabaya yake yote mpaka anayelia acheke. Basi nikavaa ile kanzu yako yenye tundu la moto begani, na kofia yako. Nikatembea nikichechemea kama wewe. Tulipofika makaburini nikatangulia kuingia shimoni, nikalala chali, nikasema sitoki mpaka niletewe jogoo, kwa sababu pahali pazuri namna hii hapewi mtu mvivu. Mjomba wako akaleta jogoo. Alikuwa anaumwa mdondo, lakini jogoo.

Ndipo mtendaji akasogea na daftari lake. Akauliza nani anaandikisha kifo. Watu wakaonyesha shimoni: mtani wake huyo hapo. Akainama juu yangu, kalamu mkononi, "Mzee Dadi, marehemu amefariki kwa ugonjwa gani?" Nami nikiwa chali nikamjibu, "Andika hajafa. Huyu anakwepa kupalilia mikorosho yake. Mkipika pilau mtamwona anatoka."

Watu wakacheka. Shehe mwenyewe akageuza uso. Mtendaji akaandika alichoandika, akafunika kalamu, akaondoka. Hakucheka. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, Mtani. Mtu asiyecheka utani wa msibani ama ni mgeni ama ana shughuli nyingine. Na huyu si mgeni, kwao ni Chinongwe hapo Ruangwa, mambo haya amezaliwa nayo.

Nikala jogoo, nikasahau.

Masika ya pili, jicho la mke wako, Bi Somoe, likaingia ukungu. Lile la kulia, maana la kushoto unajua lilishachoka tangu wewe hai. Akawa anachambua ufuta kwa vidole. Siku moja nilikaa mbele yake kimya, nikamwona anamkaribisha mbuzi, akamwambia, karibu shemeji. Nilicheka, yeye pia akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga, na sikujua anafuta nini.

Hospitali ya Nachingwea wakamwambia ni mtoto wa jicho, anatoka, wala si kazi kubwa. Anachohitaji ni ile kadi ya matibabu wanayopewa kaya zisizojiweza. Akaenda kuiomba. Akaambiwa, mama, siku hizi hatupiti majumbani kuuliza nani ana nini. Tunaangalia madaftari. Wakaangalia. Daftari la wakulima likasema kaya hii ni ya Selemani Hamisi, yupo, ana mikorosho ya kutosha, na msimu huu amechukua mgao wake wa salfa ya kupulizia. Daftari la kijiji likaulizwa, likaitikia: yupo. Kaya yenye mwanamume mwenye nguvu na mikorosho haipewi kadi. Mama nenda nyumbani.

Wewe, Selemani. Umechukua salfa. Umeweka dole gumba. Nilipoelezwa nilikuja hapo kwako kuangalia kama udongo umetikisika.

Salfa yenyewe ilienda wapi haikunichukua muda kujua. Nilimkuta bodaboda barabara ya Ruangwa amepakia mifuko mpaka pikipiki imeinua pua, nikamuuliza, mwanangu, unahama? Akasema anapeleka Chinongwe, shambani kwa mtendaji. Ulinificha hilo, Mtani. Kumbe una shamba la pili.

Nikamwendea ofisini. Nikaongea kwa adabu, na unajua adabu yangu ilivyo adimu. Nikasema, mheshimiwa, Selemani mtoeni daftarini, amekuwa marehemu wa kutosha. Akafungua daftari polepole, akaweka kidole kwenye jina lako, akanitazama. "Mzee wangu, mimi naandika ninachoambiwa. Wewe ndiye uliyekabidhiwa msiba, na mbele ya kadamnasi ulisema hajafa. Sasa nifute kauli ya mzee?"

Halafu akacheka. Siku ya mazishi hakucheka, akaja kukicheka kicheko kile siku hiyo, peke yake, na muhuri ukaruka mfukoni.

Nilikaa kwenye ngazi ya ofisi mpaka matako yakafa ganzi. Ulimi wangu ndio uliomnyima mke wako jicho. Nilifikiri nimlaani, nikaona laana inachelewa. Nikafikiri nimpige fimbo, nikaona fimbo yangu ndiyo inayonisimamisha. Ndipo nikajiapia: huyu kakutaka hai, basi nitampa uhai wako wote, mpaka aulilie.

Mkutano wa kijiji ukafika. Kisima cha pampu kilikuwa kimechimbwa, inatafutwa kamati ya maji. Nikasimama, nikasema nampendekeza Selemani Hamisi. Nikasikia mabenchi yanaanza kulia, watu wanajizuia. Mtendaji akasema, huyo mtu... Nikamuuliza, huyo mtu vipi? Si mwanakijiji? Hayumo daftarini? Akatazama daftari, akatazama watu. Mmoja nyuma akauliza kama mgombea ana nafasi, nikamjibu anayo, muda wote yuko nyumbani. Mikono ikapanda yote. Umepita bila kupingwa, na hukununulia mtu hata soda.

Kuna mtu wa ng'ombe anaitwa Masanja, wewe uliondoka hajafika, alihamia ng'ambo ya mto na familia yake kutoka kule ziwani. Watoto wake wanasoma hapa, wameugua hapa, ng'ombe wake wamekula mihogo yetu hapa, na hakuna daftari lililoandika jina lake. Akanyanyuka akasema, "Wazee, mimi napumua sijaandikwa, yeye kaandikwa hapumui. Tubadilishane basi, mimi nichukue jina, yeye achunge ng'ombe." Mkutano ukavunjika mbavu. Mtendaji alikuwa na njia mbili tu, aseme wewe ni maiti au akuandike. Akakuandika. Herufi ya mwisho ikatoka nje ya mstari.

Tangu hapo sikumpa nafasi. Kila kikao nilikuwekea kiti, juu yake kofia yako, mbele yake kikombe cha chai. Mtendaji akitaka kufunga kikao nasema, mheshimiwa, mjumbe mmoja hajachangia. Watu wanakigeukia kiti. Yeye anageukia dirisha. Ikafika mahali hanywi tena chai ya kikao. Nilikuwa nalala vizuri, Mtani, nalala kama mtoto aliyenyonya.

Kisha Bi Somoe akaja kwangu, anapapasa ukuta. Hakukaa.

"Shemeji, nasikia mnacheka sana huko. Mimi nimetoka tena Nachingwea. Wameniambia mume wangu sasa ni mjumbe wa kamati, kwa hiyo ndiyo kabisa. Kila mkicheka yeye anazidi kuwa hai na mimi nazidi kuwa kipofu. Ukimaliza kumchezea mume wangu nirudishie, nimzike."

Akageuka, akaenda zake. Na mimi, Dadi, niliyewahi kumjibu mkuu wa shule na mganga wa jadi na mama mkwe, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Nikawa sijui nirudi vipi. Kukutoa kwenye kamati ilitaka kwanza ufe, na wa kuandika kwamba umekufa ni yule yule. Siku zikaenda hivyo. Ndipo akaja binti wa takwimu, kutoka Dodoma, anaitwa Neema.

Unakumbuka wale wa takwimu wa zamani, waliokuja na makaratasi mazito kama mlango? Walikukalisha mkekani tangu adhuhuri mpaka alasiri. Wakakuuliza, kwa siku saba zilizopita kaya hii imekula nini. Nawe wiki nzima tumekula ugali wa muhogo na ming'oko ya kuchimba porini, ukasema bila kupepesa jicho, Jumatatu pilau, Jumanne tulipumzisha tumbo kwa mkate na siagi. Bi Somoe akapaza sauti kutoka jikoni, "Na Jumatano andika alikula uongo." Kijana wa watu akaandika vyote. Tulicheka mpaka mabibo yakaiva, tukaendelea kucheka tukinywa uraka wa mabibo hayo.

Nilimsimulia Neema kisa hicho, nikadhani atakasirika. Akasema, babu, ndiyo maana. Watu wanachoka kuulizwa, wanadanganya, na kuzunguka nchi nzima nyumba kwa nyumba ni kazi ngumu. Sasa wanajaribu kuchukua yaliyokwisha andikwa maofisini, ya wakulima, ya vijiji, ya zahanati, wayaweke pamoja. Daftari moja likikosea, jingine litalisahihisha. Yeye ametumwa kupima tu: anachukua majina machache ambayo madaftari yanakubaliana, anakwenda kuona kama mtu yuko kama alivyoandikwa. Nikamwona ana akili, maana anayetaka kuhakikisha ndiye mwenye shaka, na mwenye shaka si mjinga.

Walimwambia mimi najua kila mlango, niwe mwongoza njia. Akafungua kishikwambi chake, akasema ataanza na mwenye rekodi safi kuliko wote kijijini. Yumo kwenye daftari la wakulima, yumo la kijiji, yumo kamati ya maji, na kote maelezo hayapishani. Selemani Hamisi. "Unamfahamu, babu?"

Moyo ulinidunda kama wa kijana anayeposa. Nikamwambia, namfahamu, mke wangu. Hatoki nyumbani. Twende.

Nikampitisha kwenye mikorosho ya mjomba wako, tukashuka, tukatokea makaburini. Alidhani tunakatiza. Nilipofika kwako nikasimama, nikapiga hodi, nikasema, Mtani, una mgeni kutoka makao makuu, jifunike. Neema akatazama kaburi, akatazama kishikwambi, akanitazama. Nikamhimiza aulize, maana alisema maswali ni lazima yafuatwe. Akauliza kwa sauti ndogo, mkuu wa kaya yupo? Nikasema yupo. Katika mwaka uliopita ameishi nje ya makazi yake siku ngapi? Hata moja, nikasema, wala hana mpango.

Hakucheka. Akachuchumaa, akapangusa majani kwenye kile kibao chako. "Madaftari matatu, babu," akasema. "Matatu yote."

Nikamweleza ukweli. Mawili yaliandikwa na mtendaji kwa faida yake, la tatu niliandikisha mimi kwa hasira zangu. Yalikubaliana kwa sababu uongo ulikuwa mmoja, sisi tuliupokezana tu. Angeuliza madaftari kumi angepata Selemani kumi, wote wazima. Mtu pekee aliyetaka kuusema ukweli ni mwanamke mmoja asiyeona, na huyo hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Pikipiki ikaunguruma. Mtendaji alikuwa amepata habari tumeelekea wapi. Akafika jasho linamtoka, nyuma yake watu kadhaa waliokuwa shambani, Masanja akiwemo na fimbo yake ya kuchungia. Hakunisalimu. Akamwambia Neema, "Afisa, usidanganywe. Mzee huyu ndiye mwandikishaji. Alisema mbele ya watu wote kwamba huyu hajafa. Nina mashahidi." Akawatazama watu. Na watu, Mtani, ni kweli walisikia. Wakatazama miguu yao.

Neema akaniuliza kama nilisema. Nikajibu nilisema.

"Basi sema sasa ilivyo, babu. Kwa maneno ya kawaida, niandike."

Hapo ndipo nilipokwama. Fikiria. Nilikulaza, nikakufukia, nikala jogoo wako, nikakuvaa, nikakuchagua. Neno lenyewe sikuwahi kulitoa kinywani. Mtani halisemi, wanasema wengine, mtani kazi yake ni kulikataa. Nikatafuta mzaha wa kulifungia. Nikapekua kichwa kizima, mimi ambaye mizaha inanitoka kama kikohozi, nikakosa hata mmoja. Watu wanangoja. Yule bwana ananitazama na kale kacheko kake kanataka kuanza.

Nikasema, Selemani amekufa.

Sauti ikaenda zake. Masanja akanishika kiwiko, sikumwomba. Neema alikuwa hajaandika, kwa hiyo nikarudia ili aandike vizuri. Amekufa. Nilikuwa naye tangu tunaota meno. Amekufa, nimemzika mwenyewe.

Basi. Ulitaka nilie, nimelia, hongera.

Lakini sauti iliporudi ilirudi na ghadhabu yote. Nikamwambia Neema, binti, daftari lisilo uongo lipo moja tu hapa kijijini, nalo halijawahi kufika ofisini kwa mtu. Lile la msikitini, la zamu za kuchimba makaburi. Unalijua wewe, ulikuwa unatoroka zamu. Limeandika aliyekufa, siku yake, waliochimba na waliokosa. Hakuna anayethubutu kudanganya humo, maana akikosa zamu na yeye ana siku yake, atachimbiwa na nani? Neema akaomba ruhusa kwa shehe, akaketi barazani, akaweka lile daftari la mkono upande huu na la wakulima upande ule, akaanza kushuka na kidole.

Hukuwa peke yako, Mtani. Mama wa fundi baiskeli amechukua salfa. Shehe wa zamani, Mungu amrehemu, amechukua salfa. Yule bubu wa karibu na mto, hata dole gumba aliweka. Kila Neema alipotaja jina, wenye jina lao walitoka katikati ya watu wakasogea mbele. Hakuna aliyepiga kelele. Walisogea tu. Mtendaji midomo ikamkauka, akaomba maji ya kunywa.

Nikamwambia maji aombe kwa mjumbe wa kamati.

Ameitwa wilayani, Mtani. Alikwenda Nachingwea na begi, muhuri ukabaki umefungiwa. Siku ya kujieleza nilipanda bodaboda, mgongo wangu huu, nikakaa kwenye benchi la nje kuanzia asubuhi. Sikuwa na ushahidi wa kutoa, wangu wameshauandika. Nilitaka tu anione akiingia, anione akitoka. Akaniona akiingia. Alipotoka nilisimama, nikavua kofia yako, nikamwambia Selemani anakusalimu, anauliza mikorosho ya Chinongwe inaendeleaje. Akashuka ngazi bila kushika ukingo, kama mtu mzee. Wenye huruma wananiambia, Dadi, mtu akishaanguka humwongezi. Waache waseme. Wao hawakuona mwanamke anamwita mbuzi shemeji.

Masanja ameandikwa. Tayari analalamika, ameitwa kuchimba mtaro wa bomba.

Na Bi Somoe kadi imetoka. Nilimsindikiza, nikalala nje na ndugu wa wagonjwa. Walipofungua kitambaa alinitazama, akasema, "Kumbe haikuwa jicho langu, shemeji. Ni wewe uliyeharibika." Kisha akaona nilichovaa kichwani, akanyoosha mkono. Sikubishana. Nikavua, nikampa. Akaigeuza, akapapasa pale ulipozoea kuchomeka sindano, akaifunga kwenye pindo la kanga, na njia nzima ya kurudi hatukutaniana.

Sasa kichwa changu kipo wazi, jua la Nachingwea linakifanya linavyotaka, na mimi nakuaga.

Kwenye kamati umefutwa, kiti chako nimekalia mimi, na nitakikalia vibaya. Yule bwana, popote watakapompeleka, siku ya kesi nitakuwa kwenye benchi la nje, na nikishindwa kutembea watanibeba na benchi lenyewe. Hiyo ni ahadi. Jogoo wa mjomba wako nitamlipa kwa mwingine, tena mzima. Na huyo mjomba wako, ambaye kwa desturi ndiye atakayelala kwenye shimo langu, nimemwagiza: andikisha kwanza, jina, siku, ugonjwa, hakikisha wino umekauka. Ukimaliza, ingia humo unitukane unavyojua.

Umekufa, Selemani. Safari hii nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu, ili asije mtu akasema alinisikia vinginevyo.

Mtani wako,
Dadi